UZI: Kubadilisha hita kwenye Mini ya zamani. Shughuli iko kwenye maji, dashibodi ni mwisho tu

Koki_Wazi (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Kuna swali linarudi kila baada ya muda: "Nimefunga hita mpya, feni inazunguka vizuri, lakini inapuliza baridi. Shida nini?" Wachangiaji wanatiririka, kila mtu na lake, na mwishowe mwenye gari anaambiwa hita aliyouziwa ni feki, atafute nyingine. Anatafuta, anafunga, baridi ileile.

Nimeona niyaweke yote mahali pamoja. Nitaongelea zaidi Mini ile ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 1959 hadi 2000, kwa kuwa ndiyo ninayoifungua na kuifunga. Mwenye Morris Minor, au kigari kingine chochote cha zamani kinachopozwa kwa maji, naye atapata lake.

Hita ya magari haya haina joto lake yenyewe. Ni rejeta ndogo yenye feni nyuma yake. Inapokea maji ya moto kutoka kwenye silinda hedi, inayapitisha kwenye vijibomba vyembamba, kisha inayarudisha kwenye mpira wa chini wa rejeta kubwa, kule pampu inakovuta. Maji yasipopita, au yakipita hayajapata moto, hata ukifunga hita iliyotoka kiwandani leo utapulizwa upepo wa dirishani. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, shika mipira.

Acha injini ifikie moto wake wa kawaida, fungua koki ya hita mpaka mwisho, halafu gusa mipira miwili inayoingia kwenye hita. Gusa haraka kwa kidole, usiikumbatie. Yote miwili ikiwa ya moto na bado upepo ni vuguvugu, maji yanapita na ugonjwa uko upande wa hewa. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi: maji yanafika lakini hayapenyi, yaani rejeta ndogo imeziba au kuna hewa imekaa njiani. Yote baridi: angalia koki, themostati (vali inayozuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka yapate moto) na kiasi cha maji. Ila ukisikia harufu tamutamu ndani ya gari, kioo cha mbele kina utando wa mafuta hata ukifuta, na kapeti limelowa maji yanayoteleza vidoleni, hapo hakuna mjadala. Rejeta ndogo inavuja na inatakiwa itoke.

Jua pia una hita ya aina gani kabla ya kuagiza. Mini ilipotoka 1959, hita haikuwa sehemu ya gari la bei ya chini, ilikuwa ni nyongeza. Ndiyo maana Mini mbili za rika moja zinaweza kuwa na vitu tofauti chini ya dashibodi, na nyingine zilifungwa hita miaka mingi baada ya kutoka kiwandani. Kuna zile za kampuni ya Smiths zinazozungusha hewa ya ndani ya gari, na kuna zinazovuta hewa ya nje kwa bomba pana linalopita sehemu ya injini. Zinafanana ukiziona kwa mbali, lakini masanduku, mabomba na mashimo ya ukutani ni tofauti. Pima ya kwako, piga picha, hesabu matundu.

Kuitoa sasa. Toa waya wa betri kwanza; kwenye Mini ya saluni, yaani ile ya kawaida yenye buti, betri iko humo kwenye buti. Mwaga maji injini ikiwa imepoa kabisa, na uyakinge kwenye karai. Kulanti (maji ya kupozea yenye dawa) ya ethilini glikoli ni sumu, na ina utamu unaovutia mbwa na paka, kwa hiyo karai lisiachwe wazi hata kidogo.

Ukishamwaga, usidhani hita imekauka. Maji ya kwenye rejeta ndogo yanabaki palepale, na mipira yake inachomolewa ukiwa ndani ya gari, juu ya kapeti. Tandika nailoni, juu yake matambara. Andaa vizibo viwili, maana ukishachomoa mpira tu unatakiwa uzibe kijibomba kabla hujaanza kuhangaika na skrubu.

Hapa kwenye kuchomoa ndipo hita nyingi nzima zinapofia. Mpira wa miaka thelathini huwa umeng'ang'ania kwenye kijibomba cha shaba, ukiutazama karibu unaona umeota nyufa ndogondogo pembezoni na kwenye kingo umegeuka mgumu kama plastiki. Mtu anaushika kwa koleo, anauzungusha. Mpira hauzunguki, kinachozunguka ni kijibomba, na kimeunganishwa kwa risasi laini tu kwenye tanki la pembeni la rejeta. Unasikia "tik". Huoni kitu siku hiyo, unakuja kuona tone likijiumba kwenye shina la kijibomba mfumo ukishapata presha. Dawa yake ni wembe: chana mpira kwa urefu, juu juu, bila kukwaruza shaba, ufunue kama ganda, utupe. Mpira ni rahisi kuliko rejeta.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Chomoa mabomba mawili yanayopeleka hewa kwenye kioo, chomoa waya za feni (weka alama), fungua skrubu mbili za mbele kwenye ukingo wa rafu, legeza nati ya nyuma bila kuitoa. Bano la nyuma lina mfuo, hivyo sanduku linateleza na kushuka. Lishushe likiwa limeinuliwa upande wa vijibomba.

Mezani fungua sanduku. Hata kama umenunua hita kamili, ifungue. Kitu cha kutazama kwanza ni sponji inayozunguka rejeta ndogo. Ya zamani ukiigusa inageuka unga mweusi. Ikishaisha, hewa ya feni inapita pembeni ya rejeta badala ya katikati yake, kwa sababu huko ndiko kwepesi, na hiyo ndiyo ile hali ya mipira yote ya moto na upepo wa vuguvugu. Nimeona hita zilizotupwa kumbe zilihitaji utepe wa sponji tu. Tumia sponji ya matundu yaliyofungwa, ile isiyonyonya maji, ubandike pande zote nne pasiwe na mwanya hata wa kidole. Kilango cha kugawa hewa kati ya miguuni na kwenye kioo nacho kiangalie kama kinafunga sawasawa.

Rejeta mpya usiiamini kwa kuwa inang'aa. Ziba kijibomba kimoja, kwenye kingine jaza upepo kwa pampu ya baiskeli, izamishe kwenye beseni la maji. Presha ya psi 15 inatosha, mifuniko mingi ya rejeta za Mini ni ya psi 13 au 15. Povu likitoka mahali, irudishe ulikoinunua kabla haijawa ndani ya gari.

Halafu, na hapa ndipo penye uzi wenyewe: usiifunge kwenye mfumo mchafu. Injini ya Mini, inayoitwa A-Series, ni chuma cha kusubu, bloku na hedi. Ikiwa imewahi kuendeshwa kwa maji matupu, ndani kuna tope la kutu rangi ya matofali, na tope hilo linatafuta mahali pembamba pa kutulia. Hakuna pembamba kuliko hita. Kwa hiyo sukuma maji safi kinyumenyume: ingiza kwenye njia ya kurudi, yatoke kwenye njia ya kwenda, hadi yatoke meupe. Bloku ina plagi au koki yake ya kumwagia kwa nyuma. Mara nyingi ukiifungua halitoki hata tone, mpaka uchokonoe kwa waya. Hilo pekee linakuonyesha kuna nini humo ndani.

Koki ya hita iko nyuma ya silinda hedi, imeshikwa kwa studi mbili. Hapo nenda taratibu. Studi ikikatikia kwenye hedi, kazi ya hita imegeuka kazi ya hedi. Paka mafuta ya kulegeza kutu, acha yalale usiku kucha, yarudie asubuhi, kaza kidogo kabla ya kulegeza. Ukiitoa, chungulia tundu la kwenye hedi kwa tochi. Mara nyingi utakuta ukuta wa kutu umeacha njia ya upana wa njiti ya kibiriti. Hita gani itapata moto hapo?

Kufunga ni kurudisha tu. Mipira mipya ya kipenyo cha ndani cha nusu inchi, raba za kupita ukutani zisikosekane, na mpira usipinde kona kali nyuma ya injini, maana ukipata moto unalainika na kujikunja.

Kujaza maji ndiko kunakowashinda wengi. Koki ya hita iwe wazi kabisa muda wote. Inua pua ya gari. Chomoa mpira wa kurudi kutoka hita pale unapoungana na bomba la chuma, uushike juu usawa wa mdomo wa rejeta, jaza kulanti polepole huku ukiminyaminya mipira. Mwanzo utasikia inakoroma, itatema povu, kisha itatiririka mfululizo bila kukatika. Hapo rudisha mpira na ukaze klipu. Washa injini, subiri themostati ifunguke, utaona maji yanashuka ghafla, ongeza. Funika. Ikishapoa kabisa, angalia tena. Usithubutu kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

Bawaba

Naweka kambi hapa. Hilo la kuchana mpira kwa wembe lingejulikana mapema, rejeta ngapi zingekuwa hai leo.

---

Mpya_Mjini

Mkuu Koki_Wazi shukrani. Swali: nimepewa kuchagua kati ya rejeta ndogo ya shaba na ya aluminiamu. Muuzaji anasema aluminiamu ni ya kisasa na inatoa joto zaidi. Nichukue ipi?

---

Koki_Wazi

Karibu mkuu. Shaba yenyewe inapitisha joto vizuri kuliko aluminiamu, kwa hiyo hilo la "zaidi" linategemea mapezi yamepangwaje na ukubwa wake, siyo jina la madini. Shaba ina sifa nyingine: ikivuja inaweza kulehemiwa. Aluminiamu nyembamba ikitoboka ni ya kutupa.

Aluminiamu ni nyepesi na inafanya kazi vizuri tu, lakini inadai kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, ibadilishwe kwa wakati. Kwenye mfumo huu una chuma, shaba na aluminiamu vyote vinaoga maji yaleyale. Maji yasiyo na dawa yanafanya kazi kama ya betri, na madini dhaifu ndiyo yanaliwa. Aluminiamu italiwa kwanza. Kama wewe ni mtu wa kuongeza maji ya bombani kila ukiona yamepungua, chukua shaba. Kisha acha hiyo tabia.

---

Fundi_wa_Kale

Mleta uzi umeandika vizuri, ila unawazungusha watu. Mimi magari haya nimeyashika kabla wengi humu hamjazaliwa. Toa themostati, funga gasketi, gari halichemki tena. Hita ni anasa. Kigari kinachochemsha kina haja gani na hita?

---

Koki_Wazi

Shikamoo mzee wangu. Heshima yako iko palepale, lakini kwenye hili nitakupinga.

Themostati ya kawaida ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82, na kuna za 74 na 88. Ukiitoa, maji yote yanakimbilia rejeta kubwa tangu unapowasha. Injini inatembea na ubaridi, inakunywa mafuta, oili haipati moto wa kutosha kufukuza unyevu. Na hita inakosa mara mbili: maji yenyewe ni vuguvugu, halafu yamepata njia pana ya kwenda rejeta kubwa, hayana haja ya kujibana kupita kwenye vijibomba vya hita. Nusu ya watu wanaolalamika hita mpya haichomi, ukiwauliza, themostati iliondolewa na fundi fulani zamani na hawajui.

Gari likichemka kuna sababu: rejeta imeziba, pampu imechoka, moto wa plagi umechelewa, mfuniko haushiki presha. Kutoa themostati ni kuficha.

Na hita siyo anasa kwa mwenye gari linalochemka. Geji ikianza kupanda ukiwa kwenye foleni, fungua koki, washa feni mpaka mwisho, shusha vioo. Una rejeta ya pili. Utatoka jasho, lakini unaweza kupata nafasi ya kufika pembeni na kuzima injini salama.

---

Fundi_wa_Kale

Marahaba. Hilo la mwisho ni kweli, nimelifanya mwenyewe mara nyingi. Hilo la themostati tutaendelea kubishana, ila nakubali kwamba wengi wanaitoa bila kuangalia rejeta kwanza. Nikuongezee moja: ule mpira mfupi wa baipasi kati ya pampu na hedi, ukishamwaga maji ubadilishe hapohapo. Ni mfupi, umebanwa mahali pabaya, na ukipasuka utakulaza njiani. Usijaze maji mapya juu ya mpira wa zamani.

---

Dada_Ampea

Nimesoma nikitegemea kuona mambo ya umeme, naona mleta uzi kayaruka. Acha niyabebe.

Kwanza uelekeo wa feni. Mini za awali, hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, zilitoka na chanya ya betri kwenye bodi. Nyingi zimegeuzwa baadaye kuwa hasi kwenye bodi. Ukifunga feni yenye sumaku za kudumu bila kuangalia hilo, itazunguka kinyume. Na feni inayozunguka kinyume haisimami wala kuunguza fyuzi, inavuma kama kawaida, inapuliza kidogo tu. Watu wanahangaika na maji wiki nzima kumbe ni waya mbili za kubadilishana. Mota yenye sumaku za kuzungushiwa waya haijali, inazunguka upande uleule ukigeuza. Usikisie. Iguse kwenye betri mezani, tazama upepo unatokea wapi.

Angalizo: kama mota inapata athi kupitia sanduku lake la bati na siyo waya, kubadilishana waya ni kutafuta shoti. Itenge kwanza.

Pili, rangi. Kwenye nyaya za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, kijani ni umeme unaopitia fyuzi baada ya swichi ya ufunguo, nyeusi ni athi. Ukikuta nyekundu, bluu na njano zimefungwa gundi ya karatasi, jua kuna mtu alipita kabla yako, na usiamini rangi yoyote. Pima kwa mita.

Tatu, mota ya zamani ikiwa nzito kuzunguka kwa mkono, tone moja la mafuta mepesi kila mwisho wa shafti, izungushe mpaka iwe laini. Tone. Ukimwaga, yanafika kwenye brashi na umeiua wewe.

---

Mpya_Mjini

Dada Ampea nakushukuru sana. Sasa kwa nini nisiachane na maji kabisa? Kuna hizi hita za umeme za volti 12, unachomeka tu. Hakuna mpira, hakuna kuvuja.

---

Dada_Ampea

Tufanye hesabu, mdogo wangu. Dainamo ya Lucas C40, iliyokuwa kwenye Mini nyingi kabla ya alteneta, inatoa ampea 22. Zidisha kwa volti 12: wati 264. Hapo bado hujawasha taa, hujalisha koili, hujawasha waipa.

Hizo hita za kuchomeka nyingi ni za wati 150 hivi, yaani ampea 12 na nusu. Umekula zaidi ya nusu ya dainamo yako kupata joto la kupasha mkono mmoja. Ukitaka umeme utoe wati 1,500, joto la hita ndogo ya ndani ya nyumba, unahitaji ampea 125. Hakuna kigari cha zamani chenye hizo. Maji ya injini yanabeba joto hilo na zaidi bila kukudai chochote, ni joto ambalo lingetupwa hewani kupitia rejeta.

Hita ya umeme iwe ya kuondolea ukungu sehemu ndogo ya kioo, tena kwa fyuzi na relei yake. Zaidi ya hapo utalala na betri imekufa.

---

Kioo_Ukungu

Mimi yangu inapuliza moto safi kabisa, lakini mvua ikinyesha kioo kinajaa ukungu nikiwasha hita, tukiwa watu wanne ndiyo balaa. Ni ile ya Smiths ya zamani, sanduku dogo la duara. Maji hayapungui, hakuna harufu.

---

Koki_Wazi

Kama maji hayapungui na hakuna harufu tamu, hita yako ni nzima. Hiyo itakuwa ya kuzungusha hewa ya ndani. Inachukua pumzi zenu wanne na unyevu wa nguo zilizolowa, inaupasha moto, inaurusha kwenye kioo cha baridi. Unyevu unageuka matone pale. Za kuvuta hewa ya nje zinaleta hewa mpya, hata wakati wa mvua, maana hewa ikishapashwa moto inaweza kubeba unyevu mwingi zaidi kuliko ilivyoingia.

Huna haja ya kuibadilisha. Fungua kioo cha pembeni kidogo ili unyevu utoke, elekeza kilango chote kwenye kioo, na angalia kama mabomba mawili ya kwenda kwenye kioo hayajachomoka nyuma ya dashibodi. Yanachomoka mara nyingi, hasa la upande wa abiria. Na inua makapeti. Maji yaliyolala chini ya kapeti yanakuwa mvuke kila ukiwasha hita.

---

Kobe_wa_Nyuma

Samahani naingilia. Mimi nina Volkswagen Beetle. Sioni mipira yoyote ya maji. Hita yake naibadilishaje?

---

Fundi_wa_Kale

Beetle haina maji, inapozwa kwa hewa. Joto linatoka kwenye maboksi ya bati yanayofunika mabomba ya egzosti, chini huko nyuma, feni ya injini inasukuma hewa ipite humo ije mbele kupitia kingo za bodi. Mpangilio huo wa hewa safi ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya hapo walikuwa wanaleta hewa iliyopita moja kwa moja kwenye silinda, pamoja na harufu zake zote. Fiat 500 ya 1957 nayo ni ya hewa, joto lake linapita kwenye handaki la katikati.

Nisikilize kwa makini: bomba la egzosti likitoboka ndani ya boksi, moshi unaingia ulipokaa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inakulaza usingizi usioamka. Kichwa kikianza kuuma ukiwasha hita, zima, fungua vioo, simama. Maboksi yaliyooza usiyazibe kwa gundi wala kuchomelea kiraka juu, badilisha kizima, na gasketi za egzosti mpya. Fungua uzi wako tutakuja huko.

---

Tundu_la_Hedi

Wakuu nimefuata maelekezo ya uzi huu hatua kwa hatua. Rejeta ndogo mpya, ya shaba, nimeipima kwenye beseni, haina povu. Sponji nimebandika. Themostati ya 82 ipo. Maji nimejaza kwa kuinua pua, yametiririka bila kukatika. Feni inapuliza mbele. Sasa: mpira wa kwenda ni vuguvugu, wa kurudi ni vuguvugu, na silinda hedi ukiikaribia inachoma. Koki ni ileile ya zamani, sikuitoa kwa kuogopa studi.

---

Koki_Wazi

Mkuu, umejijibu kwenye sentensi ya mwisho. Hedi inachoma na mpira ulio karibu nayo ni vuguvugu. Kati ya hivyo viwili kuna koki tu. Ama waya wa kuivuta haufiki mwisho, au ndani imeoza.

Anza na waya: mtu mmoja avute kitasa cha ndani, wewe tazama mkono wa koki. Ukisimama kabla ya kufika mwisho wake, legeza skrubu ya kubana waya, usogeze mkono kwa kidole mpaka uwe wazi kabisa, kaza tena. Ikiwa unafika mwisho, chomoa mpira kwenye koki injini ikiwa baridi, puliza kwa mdomo kupitia kipande cha mpira. Ukipuliza kwa shida, itoke.

---

Tundu_la_Hedi

Mkono unafika mwisho. Kupuliza ni shida tupu. Nimepaka mafuta jana jioni na leo asubuhi, nati zote mbili zimetoka na studi zimebaki salama. Koki yenyewe iko sawa, ila tundu la kwenye hedi limejaa kitu kigumu cha kahawia, penseli haipiti. Nichimbe na nini?

---

Fundi_wa_Kale

Bisibisi nyembamba na waya wa chuma, kwa mkono. Usitie drili. Kabla hujaanza chomoa mpira wa juu, toa themostati, halafu weka mpira wa maji kwenye mdomo wa themostati, maji yasukume kuja nje kupitia hilo tundu, ili kila unachokivunja kitoke kwako, kisirudi ndani. Vaa miwani, yanaruka.

---

Tundu_la_Hedi

Yametoka magamba, mengine makubwa kuliko kucha. Sasa hivi maji yanaruka hadi kwenye boneti. Swali la mwisho: uso wa hedi una mabaki ya gasketi ya zamani na vishimo vidogo vya kutu. Nipake silikoni badala ya gasketi?

---

Koki_Wazi

Gasketi mpya ya karatasi, silikoni isiwe mbadala wake. Kwangua mabaki kwa wembe uliolazwa, usichimbe chuma. Vishimo vikiwa vidogo, paka gundi ya gasketi nyembamba pande zote mbili, ukizidisha itajikunja ndani na kuwa kizibo kingine. Kaza nati kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo. Koki ni laini, inapinda. Ukijaza maji, rudia kutoa hewa tangu mwanzo, maana mfumo umefunguka. Safari hii mpira wa kwenda ukigusa utaondoa mkono mwenyewe.

---

Tundu_la_Hedi

Imekubali. Mpira haushikiki, na nimelazimika kurudisha koki nusu.